Pai ya matufaha na mzazi: weka mizani chini ya bakuli lake

Mzazi aliyeoka pai ya matufaha miaka arobaini hapimi kitu. Unga anachota kwa kikombe kilekile, siagi anakata kwa jicho, maji anamimina "mpaka yatoshe", na kila mwaka pai inatoka vilevile. Ukimuuliza ni kiasi gani, jibu ni moja: "Utaona mwenyewe." Wala hakufichi. Mikono yake ndiyo inayojua, na mikono haisemi kwa gramu. Ndiyo maana siku mtakayooka pamoja, kabla ya jambo lolote, weka mizani ya jikoni chini ya bakuli lake, ibonyeze isome sifuri, kisha mwache afanye alivyozoea. Akishachota, soma, andika, rudisha sifuri. Jagi la maji lipime kabla na baada. Tofauti ndiyo aliyotumia. Usimsimamishe wala usimrekebishe siku hiyo, maana akianza kuichunga mikono yake atachota tofauti na kawaida.

Kuandika "vikombe viwili na nusu" peke yake hakusaidii. Unga ukitiwa taratibu kwa kijiko, kikombe cha mililita 240 hubeba gramu 120 hivi. Ukichotwa kwa kuzamisha kikombe ndani ya mfuko, hufika 150. Kwa vikombe viwili na nusu hiyo ni tofauti ya gramu 75, na inatosha kabisa kuligeuza donge laini likawa donge linalopasuka kila ukilisukuma. Hapo ndipo pai yako na ya mama huachana njia, hata kama kila kitu kingine umekiiga.

Namba za kulinganishia ni hizi, kwa sahani yenye upana wa sentimita 23 na kina cha sentimita 4 au 5. Ganda la chini na la juu: unga wa ngano wa kawaida gramu 320, siagi baridi gramu 225, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha mezani, maji ya barafu kati ya mililita 90 na 110. Vya ndani: matufaha kilo 1.5 kabla ya kumenywa, ambayo yakishamenywa na kutolewa kokwa hubaki kama kilo 1.2, sukari gramu 130, maji ya limau vijiko viwili vya mezani, mdalasini wa unga kijiko kimoja na nusu cha chai, kungumanga kidogo tu, chumvi robo kijiko cha chai, siagi gramu 30, na wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda, vijiko viwili vya mezani. Namba za mzazi wako zikitofautiana na hizi, andika zake. Hizi ni za kukushtua tu endapo umesoma mizani vibaya.

Halafu muulize ni tufaha gani, kwa jina lake kamili. "Lile la kijani" halitoshi. Mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake, kwa hiyo kila aina yenye jina huendelezwa kwa kupandikiza kijiti cha mti wa zamani juu ya shina jipya. Bramley zote duniani zinatokana na mti mmoja, uliotoka kwenye mbegu iliyopandwa Southwell, Uingereza, mwaka 1809. Ukilijua jina, umeijua na tabia ya tufaha hilo kwenye moto. Granny Smith ni kali, na kipande chake hubaki kipande. Braeburn, Jonagold, Honeycrisp na Golden Delicious ni tamu zaidi na hazivunjiki ovyo. Bramley na McIntosh hulainika zikawa kama uji, jambo linalopendwa na waliokulia pai ya namna hiyo, lakini linalomshangaza anayetarajia vipande. Red Delicious ibaki ya kuliwa mbichi. Ikipikwa hupoteza ladha na kuwa kama pamba. Mchanganyiko ninaouamini ni theluthi mbili za tufaha kali na gumu kwa theluthi moja ya tufaha tamu. Kama mzazi wako hutumia aina moja tu, andika hiyo moja.

Andika na tarehe. Majira ya majani kupukutika, yaani Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia na Machi hadi Mei kusini, tufaha limetoka mtini karibuni na uchachu wake uko kamili. Likikaa ghalani miezi minne linaendelea kupumua, na linapopumua linaitumia asidi yake lenyewe. Nyama hulegea, utamu hubaki peke yake. Mama anayesema "safari hii sukari kidogo" mwezi Februari anajua jambo hili bila kulitaja. Yeye hukata kipande, huonja, kisha huamua. Ukimwona anaonja, iweke bakuli ya sukari kwenye mizani kabla hajanyoosha mkono. Kwa tufaha lililokaa muda mrefu, punguza sukari kwa gramu 20 au 30 na ongeza kijiko kimoja cha limau. Halafu huwa linatoa maji mengi zaidi, basi wanga nao uongezwe nusu kijiko.

Sasa donge, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pai nyingi huharibikia hapa na lawama huangukia oveni.

Siagi ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Unachotaka ni vipande bapa vya siagi vilivyolala ndani ya unga bila kuyeyuka. Oveni ikivipiga joto, maji yake yanageuka mvuke, mvuke unasukuma unga juu na chini, na panabaki tabaka. Siagi ikiyeyukia bakulini, unga unaifyonza, na unapata ganda zito linalofanana na biskuti. Kwa hiyo baridi ndiyo kazi yenyewe. Kata siagi vipande vya mraba vya sentimita moja na nusu, virudishe kwenye friji. Jikoni kukiwa na joto, hata unga uwekwe kwenye friji nusu saa. Maji yawe na vipande vya barafu ndani yake, na barafu yenyewe isiingie kwenye unga.

Changanya unga, chumvi na sukari, mwaga siagi, kisha ifinye kwa ncha za vidole, kipande kimoja kimoja, kiwe bapa. Tumia ncha za vidole tu, kwa sababu kiganja kina joto. Kati yenu wawili, mwenye mikono baridi ndiye afanye hatua hii, na mara nyingi wazee ndio wenye mikono hiyo. Acha pale unapoona chembe kama punje za njegere zikiwa zimechanganyika na vipande bapa vikubwa kidogo. Kuacha mapema ni afadhali kuliko kuchelewa. Nyunyiza maji mililita 80 ukigeuza kwa uma, kisha endelea kijiko kwa kijiko.

Mama atasema "basi" kabla hujaelewa ameona nini. Usiiandike "basi" hiyo. Chukua konzi moja ya unga huo na uibane. Ikibaki imeshikana, na ukiivunja katikati inakatika kwa ufa mmoja bila kumwagika kama mchanga, maji yametosha. Ikinata kiganjani, yamezidi. Chini ya bakuli bado pataonekana unga kidogo mkavu, na hilo ni sawa: donge likilala kwenye friji, unyevu husambaa wenyewe. Kosa la kawaida ni kumalizia unga huo kwa kuongeza maji na kukanda. Maji na kukanda hujenga gluteni, nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo zinazofanya ganda liwe gumu mdomoni na lijikunje chini ya kingo za sahani likiiva.

Gawa donge mara mbili lakini si sawa kwa sawa: la chini gramu 350, la juu lililobaki. Libonyeze kila moja liwe duara nene la sentimita 2, funika kwa nailoni, weka kwenye friji saa moja au zaidi. Hukaa hata siku mbili bila kuharibika. Wapo wazazi wanaotumia mafuta ya nguruwe au mafuta magumu ya mimea badala ya siagi, na ganda lao hukatika vizuri sana. Hayo hayana maji, kwa hiyo penye siagi gramu 225 wao huweka kama gramu 180, na maji ya barafu huongezeka kijiko kimoja au viwili. Ukinakili mkono wa mtu wa aina hiyo halafu ukatumia siagi kwa uzito uleule, donge lako litatoka kavu.

Donge likiwa limelala, keti mmenye. Hii ndiyo kazi inayostahili watu wawili: mmoja anamenya, mwingine anakata na kutupia kwenye bakuli lenye limau. Tufaha likikatwa, kimeng'enya chake, yaani kichocheo cha asili kilichomo ndani yake, hukutana na hewa na nyama ikawa kahawia ndani ya dakika chache. Asidi ya limau hukipunguza nguvu. Mzazi mwenye vidole vinavyouma apewe kimenyeo chenye mpini mnene, kiti, na meza isiyomlazimu kuinua mabega. Kukata kokwa la tufaha gumu kunataka nguvu ya kiganja, kwa hiyo hilo lichukue wewe. Unene wa kipande ni milimita 6. Chini ya milimita 4 kinageuka uji, juu ya 10 kinabaki kibichi katikati, na ukichanganya vyembamba na vinene utapata vyote viwili kwenye sahani moja.

Kama mzazi wako huacha vipande vikae na sukari kabla ya kuvijaza, fuata, na uandike ni dakika ngapi. Tufaha limejaa hewa, ndiyo maana huelea majini. Vipande vibichi vikirundikwa kama kilima chini ya ganda, oveni huligandisha ganda juu kwanza, halafu vipande hupoteza hewa na maji, hushuka, na ganda hubaki linaning'inia kama paa juu ya chumba kitupu. Vikikaa na sukari, chumvi na viungo kwa dakika 45 hadi saa moja, hunywea na kulegea kabla ya kuingia kwenye sahani, na unaweza kuvipanga vikabanana. Vichuje. Maji yaliyotoka, ambayo kwa kawaida huzidi nusu kikombe, yatie kwenye sufuria pamoja na siagi gramu 30, yachemke mpaka ibaki shira nzito ya mililita 60 au 70. Iache ipoe kidogo. Vinyunyizie vipande wanga wa mahindi mpaka usiuone tena, ndipo umimine shira na kugeuza. Ladha iliyokuwa ivujie chini ya ganda sasa imeshikamana na kila kipande.

Kama tufaha mlilonalo ni la kuvunjika, iko njia nyingine. Vipande kilo 1.2 vimiminie maji yaliyotoka kuchemka lita 2.5, funika dakika kumi, chuja vizuri na uvipoze kabisa kabla ya kutia sukari na wanga. Joto la kadiri ya nyuzi 65 hadi 70 huiamsha kazi ya kimeng'enya kinachoiimarisha pektini ya tufaha, ile gundi ya asili inayoishikilia nyama yake, na vipande hivyo havilegei tena kirahisi hata vikifika kwenye moto mkali. Neno "kabisa" hapo ni la lazima. Vipande vya moto vikigusa donge, siagi huyeyuka kabla pai haijaiona oveni.

Kusukuma donge. Litoe, liache dakika 5 hadi 10, likibonyezwa kidole kiingie kwa shida kidogo. Sukuma kutoka katikati kwenda nje, na kila mikupuo miwili uligeuze robo. Likigoma kugeuka limenata, nyunyiza unga kidogo chini. Lengo ni unene wa milimita 3 na duara la sentimita 33. Liangalie kwa karibu dhidi ya mwanga: ukiona mabaka ya manjano yaliyolala kama mawingu ndani ya unga, siagi iko palepale inapotakiwa. Likiwa na rangi moja tu kila mahali, siagi imeshayeyukia unga. Likirudi nyuma kila ukilisukuma, usishindane nalo. Funika, lirudishe kwenye friji dakika 10. Na unapolilaza kwenye sahani, inua ukingo uliache lishuke lenyewe mpaka kwenye pembe ya chini. Ukilivuta lifike, likiiva litarudi lilikotoka, na ukuta wa pai utashuka.

Jaza, panga vipande kwa mkono kuziba nafasi, funika, kata ziada ibaki sentimita 2 nje ya ukingo, ikunjie chini na uifinye. Namna ya kufinya ukingo ni saini ya mtu. Ipige picha mikono yake ikiwa kazini, maana maneno hayaielezi. Chora chale tano au sita juu, za sentimita 5, za kutolea mvuke. Weka pai kwenye friji dakika 20 hadi 30, kisha ipake kiini cha yai kilichopigwa na kijiko kimoja cha maziwa.

Oveni iwe imewashwa nyuzi 220 za Selsiasi mapema, trei nzito ikiwa rafu ya chini kwa nusu saa nzima. Sahani huwekwa juu ya trei hiyo ya moto, na hiyo ndiyo dawa ya ganda la chini lililo chepechepe: linahitaji kupigwa joto kutoka chini kabla maji ya matufaha hayajalilowesha. Mimi huchagua sahani ya alumini, kwa sababu hupitisha joto upesi. Ya kauri ni nzuri mezani lakini huchelewa. Ya kioo ina hatari yake. Ikitoka kwenye friji na kutua juu ya chuma cha moto inaweza kupasuka, kwa hiyo kwa kioo trei isipashwe moto na uongeze dakika chache. Kuinua pai yenyewe ni kazi yako, si ya mzee: pamoja na sahani inapita kilo 2, na mlango wa oveni uko chini.

Dakika 20 kwa 220, kisha shusha hadi 190 kwa dakika 40 hadi 50. Oveni yenye feni, punguza nyuzi 15 au 20 kila hatua. Kingo zikitangulia kuwa kahawia, zifunike kwa foili. Wengi huitoa pai mapema kwa sababu juu pamependeza. Juu hapasemi lolote kuhusu ndani. Tazama chale: mwanzoni hutoka povu jepesi linalokimbia, ambalo ni maji; subiri mpaka ziwe bubujiko nzito, za polepole, zinazong'aa. Hapo wanga umepata joto la kuugandisha. Kipimajoto kikichomwa katikati kisome 90 hadi 93, na ncha ya kisu ipite kwenye vipande kwa ukinzani mdogo tu. Kama mzazi wako hujua kwa kunusa, andika saa aliyosema "imeiva" na dakika zilizopita tangu iingie.

Kisha saa nne za kupoa juu ya waya, na hakuna njia ya mkato. Wanga hushika unapopoa. Pai iliyokatwa baada ya nusu saa humwaga shira yote, na watu husema wanga ulikuwa kidogo kumbe ni subira. Anayetaka ya moto aipashe kipande kwa kipande, nyuzi 180, dakika 10 hadi 15.

Hukaa mezani imefunikwa siku mbili, kwenye friji siku nne. Matufaha yakizidi, tengenezeni ya pili papo hapo, igandishwe mbichi kwenye friza ikiwa ndani ya sahani ya alumini, bila kupakwa yai. Itaokwa ikiwa bado barafu, kwa joto lilelile, na kuongezwa dakika 20 hadi 30 mwishoni. Hiyo ioke wewe kwa karatasi uliyoandika, mzazi akiwa amekaa, na kila atakaposema "bado" au "ngoja", soma kipimajoto na saa, uandike pembeni ya mstari ule.